Mwaka wa Teke la Nyuma

Mpaka leo sikai mahali mgongo wangu ukiwa umeelekea mlango. Watoto wangu wamezoea. Tukiingia hotelini hapa Kibwezi kunywa chai, wananiachia kiti cha ukutani bila kuulizana. Kwa hiyo hata siku tulipomzika Koplo Kyalo, huko milimani karibu na Kikima, nilifika mapema kusudi nipate kiti cha safu ya mwisho, ukuta wa jikoni ukiwa nyuma yangu. Manyunyu yalikuwa yakianguka, hema limejaa, na mchungaji alikuwa akisema kwamba marehemu alikuwa mtu wa amani ambaye hakuwahi kumwinulia mtu mkono. Nilitaka kucheka. Mkono kweli hakuinua. Aliinua mguu, na sisi alitufundisha kuinua yetu, wasichana sita na wavulana wanne, ndani ya stoo ya pamba kule Migwani, mwaka niliotimiza miaka ishirini. Nilikuwa bado nawaza hayo niliposikia jina langu likiitwa kutoka upande wa lango, mbali, mara mbili, kama anavyoliita mtu mmoja tu duniani. "Ndinda. Ndinda." Sikugeuza mwili. Niligeuza kichwa kwanza, nikamwona Mwende akija na mkongojo wake, mguu wa kulia ukichora mstari kwenye tope.

Mwaka ule mimi na Mwende tulikuwa walimu wasiosomea ualimu, tukifundisha shule moja ya msingi nje ya soko na kupanga chumba kimoja kwa Mama Kasyoka. Kilikuwa chumba cha matofali mabichi chenye vitanda viwili vya kamba, meza moja, na dirisha ambalo mwenye nyumba alilipigilia mbao kwa sababu, alisema, wasichana wawili na dirisha ni kesi inayosubiri chifu. Kati yetu na jiko lake palikuwa na ukuta wa mabati tu, kwa hiyo kila kilichopikwa tulikinusa na kila kilichosemwa tulikisikia. Tulikula kwake, karibu kila siku muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, na kunde, na Jumapili akiamka vizuri alitia kipande cha nyama ya mbuzi ambacho mimi na Mwende tulikigawana kwa wembe ili pasiwe na malalamiko. Mwende alikuwa mrefu, mwepesi, mwenye kicheko kikubwa kuliko kifua chake. Alikuwa amewahi kukimbia mashindano ya wilaya bila viatu na kuwaacha waliovaa viatu. Mimi nilikuwa mwoga. Nasema hivyo bila aibu kwa sababu ndicho nilichokuwa, kama vile mwingine alivyo mfupi.

Mama Kasyoka alikuwa Mkristo wa kupigiwa mfano, mwenye kitambaa cha kichwa cheupe na kiti chake mwenyewe kanisani, lakini alikuwa na sheria zake ambazo hazikutoka kwenye Biblia. Kubwa kati ya hizo alitupa jioni ya kwanza, akipepeta ndengu. "Mwiitu wakwa," aliniambia, yaani binti yangu, "jua likianza kuzama, ukisikia mtu anakuita nyuma yako, usiitike. Usigeuke. Mtu wa kweli ataita tena. Aimu huita mara moja tu." Mwende alicheka akamuuliza kama mizimu hiyo iliishiwa pumzi. Mama Kasyoka hakucheka. Mimi nilimeza sheria ile nzima nzima, na nikaishika kuliko nilivyoshika Amri Kumi.

Kilichonitia hofu hakikuwa mizimu, hata hivyo. Kilikuwa mtu mwenye baiskeli. Alinunua ngozi za mbuzi kwa wachinjaji, akazifunga nyuma ya baiskeli na kuzipeleka mjini, na harufu yake ilifika kabla yake. Kuanzia mwezi wa pili alianza kunifuata. Nikitoka shule, nasikia kengele. Nikishuka mtoni, kwenye mchanga ambako tulichimba visima vya maji ya kunywa, nasikia mnyororo wake ukilia nyuma yangu taratibu, kwa mwendo wangu, hapiti wala habaki. Sikumjibu siku alipokohoa, wala siku alipopiga mluzi. Siku moja akaipitisha baiskeli mbele yangu, akaisimamisha kwa upana wa njia na kuniangalia kwa utulivu, kama mtu anayeangalia mbuzi sokoni. Akasema, "Wewe mwalimu una maringo. Iko siku utanisalimia." Basi, akaondoka. Hakunigusa. Ningekuwa na la kumwambia chifu kama angenigusa. Usiku huo nililala nikiwa nimeegemea mlango kwa mgongo, na Mwende alipoamka akanikuta hivyo, hakucheka.

Siku chache baadaye nilisikia kupitia mabati Mama Kasyoka akiongea na jirani yake aliyekuja kuazima chungio. Jirani alisema, "Huyu wa ngozi ameanza tena." Mama Kasyoka akasema, "Hata yule wa kwanza alimwoa hivyo hivyo. Alimfuata mpaka akachoka." "Na siku hizi yuko wapi?" Chungio likagongwa ukutani kutoa vumbi. "Nani?" "Yule bibi." "Hata mimi najiuliza," alisema Mama Kasyoka, halafu wakaanza kuzungumza habari za mahindi ya manjano. Nilikaa kitandani na sahani mapajani, muthokoi ikapoa mpaka ikashikana. Nimewahi kuogopa mengi tangu siku ile, yakiwemo kujifungua na vipimo vya hospitali, lakini hofu iliyonijia katika chumba kile ndiyo ninayopimia nyingine zote.

Mwende ndiye aliyenipeleka kwa Koplo. Kyalo alikuwa ametoka jeshini na goti bovu na pensheni ndogo, akawa mlinzi wa stoo ya chama cha wakulima wa pamba. Jeshini alikuwa amefundishwa karate na afande fulani, na kwa vile stoo ilikaa tupu tangu msimu mmoja hadi mwingine, akaomba ruhusa ya kufundisha vijana mle ndani siku tatu kwa wiki, baada ya kazi. Mwenyekiti wa chama alikuwa pia mzee wa kanisa. Alikubali kwa sharti moja: hakuna kuinamiana. Alikuwa amesikia kwamba watu wa karate huinamiana kabla ya kupigana, na kumwinamia mtu kwake kulikuwa ibada ya sanamu. Badala yake kila jambo lianze kwa sala. Koplo alijaribu kumweleza. Nilikuwepo. "Mzee, huku kuinama si kuabudu. Unainama na macho yako iko kwa mtu. Hiyo ndiyo maana yake, unamheshimu lakini unamwona." Mzee akajibu, "Omba na umwone Mungu. Huyo mwingine utamwona baadaye." Ndivyo ilivyokuwa. Kila tuliposimama wawili wawili kupambana, tulikutanisha viganja, tukainamisha vichwa, tukafumba macho, tukasema amina, tukarusha mateke. Sikujua klabu nyingine popote iliyoanza kupigana ikiwa imefumba macho, na wakati huo sikuona ubaya wowote. Niliona tumebarikiwa.

Mazoezi yalikuwa magumu na ya kuchekesha. Tulijishonea nguo za amerikani, sketi juu na suruali za kaka zetu chini, kwa sababu msichana mwenye suruali peke yake angehubiriwa Jumapili kwa jina. Mikanda tuliipaka rangi ya njano kwa binzari, na tukitoka jasho ilituachia alama kiunoni ambayo sabuni haikuiweza. Koplo alishindilia pamba kwenye magunia na kuyaning'iniza kwenye boriti, na kila teke lilitoa nyuzi nyeupe zilizotukaa puani na kwenye nyusi mpaka tukafanana na vikongwe. Teke la mbele nililijua kwa wiki mbili. La ubavu na la kuzunguka nikayapata kabla ya likizo ya Aprili. Mguu wangu ulikuwa na nguvu, nakubali, kwani nilikua nikipanda mlima na mtungi mgongoni. Lakini mwezi wa sita Koplo alituonyesha teke la nyuma, na mimi nikakwama.

Teke lile liko hivi. Umemkabili adui. Unageuka kwa kisigino, mgongo wako unamwelekea, kichwa kinapita juu ya bega, jicho linamtafuta na kumpata, na hapo ndipo mguu unatoka moja kwa moja nyuma, kisigino kwanza. Kwetu wasichana alitufundisha tulenge goti. "Goti haina nyama," alisema. "Hata jitu kubwa, goti yake ni kama yako." Ni teke kali kuliko yote, na ndilo linalokufaa mtu akikujia kwa nyuma. Lakini ndani yake kuna kitambo, kifupi kuliko kupepesa, ambapo umempa mgongo mtu anayetaka kukuumiza na humwoni. Kitambo hicho sikukiweza. Nilikuwa nimekuja stoo ile kwa sababu ya kilichokuwa nyuma yangu, na sasa naambiwa nigeuke kwa hiari yangu na kukipa mgongo. Kila nilipozunguka nilisikia mnyororo wa baiskeli, miguu ikafa ganzi, nikaanguka kwenye magunia. Mwende, niliyezoea kufanya naye mazoezi, alinishika mkono kuniinua na kuninong'oneza, "Ni mimi tu, Ndinda. Hapa nyuma niko mimi tu." Alisema hivyo labda mara mia.

Koplo hakunigombeza. Jioni moja alitutoa nje akatuonyesha punda wa muuza maji aliyefungwa kwenye mti wa miiba. "Mwangalieni huyu. Hajaenda shule, lakini hapigi kitu hajaona. Anaangalia kwanza. Kichwa kwanza, halafu mguu. Mtu akipiga bila kuangalia, huyo hajajilinda. Huyo ameogopa tu." Wote wakacheka kwa sababu punda aligeuka akamwangalia kana kwamba amesikia. Mimi niliona aibu. Niliamua kwamba nitalipata teke lile hata kama litanitoa roho, na nikalipata, ila kwa njia yangu. Niligundua kwamba nikifumba macho, kama tulivyofumba kwenye sala, na kubaki nimeyafumba wakati wa kugeuka, kile kitambo cha hofu hakikuwepo. Giza halina nyuma wala mbele. Nilisema amina moyoni, nikazunguka, gunia likapasuka. Wenzangu walipiga makofi. Mwende alirukaruka. Koplo alilitazama gunia, kisha akanitazama mimi, akauliza, "Kichwa ilikuwa wapi?" Nikasema, "Ilikuwa hapa, Koplo." Akasema, "Teke ni nzuri. Lakini sijaona macho." Nilidhani ananionea wivu, mzee wa goti moja. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Mwezi wa nane Mwende alipata barua ya kwenda chuo cha ualimu. Ilisema achukue masomo ya michezo pia, na alikuwa ameisoma mara nyingi mpaka ikachanika kwenye mkunjo. Mama Kasyoka alichinja kuku. Jioni ya Alhamisi iliyofuata tulimaliza mazoezi, Mwende akabaki kumsaidia Koplo kushusha magunia, nami nikatangulia kwa kuwa nilikuwa na zamu ya kuchota maji. Nilikuwa nimevua saa yangu ya mkononi na kuiweka juu ya mizani ya pamba, nikaisahau. Njia ya kuelekea mtoni ilipita kati ya michongoma, mchanga ukiwa mzito, na jua lilikuwa limeshika ukingo. Siku ile sikuwa nimesikia kengele hata mara moja, na hilo lilinitisha kuliko kama ningeisikia. Nilijua ni siku yake ya kurudi kutoka kwa wachinjaji. Nikawaza, pengine leo ameiacha baiskeli. Nikiwa katikati ya michongoma nikaisikia sauti nyuma yangu, kwa mbali, imekatwa na upepo. Iliita jina langu mara moja.

Sikuitika. Sikugeuka. Nikaongeza mwendo, nikingoja iite tena. Haikuita. Badala yake nikasikia miguu inakimbia kwenye mchanga, miguu mepesi, ikija kasi. Leo, nikiwa na akili zangu, najua ni mtu gani wa soko zima la Migwani aliyeweza kukimbia hivyo kwenye mchanga. Siku ile sikujua chochote. Nilisikia pumzi, mkono ukagusa bega langu, nikafumba macho na kugeuka. Kisigino kilifika mahali kilipofundishwa kufika. Nilisikia sauti, kavu na ndogo, kama ukuni unaovunjwa gotini jikoni. Hata kabla sijafumbua macho nilikuwa nimeanza kufurahi. Hilo ndilo sijawahi kumwambia mtu. Nilifurahi, pengine kwa kupumua mara moja tu, kisha nikamsikia Mwende akisema kwa mshangao, bila kulia bado, "Ndinda, ni mimi."

Alikuwa amekaa mchangani, goti limeelekea pembeni, na ndani ya ngumi yake alikuwa ameishika saa yangu. Nilijaribu kumbeba nikaanguka naye. Nilipiga yowe. Njia ile ilikuwa na watu asubuhi na adhuhuri, lakini saa ile hapakuwa na mtu. Kisha nikasikia kengele. Alitokea kwenye kona na ngozi zake, akasimama, akatuangalia kwa utulivu ule ule. Nilimwendea. Nilimshika mkono mimi mwenyewe, nikasema tafadhali kaka, nakuomba kaka, tusaidie. Alizitupa ngozi kwenye michongoma bila neno, akamwinua Mwende kama mtoto, akamketisha nyuma, akaisukuma baiskeli maili tatu hadi zahanati huku mimi nikilishika lile goti kwa mikono miwili. Tulipofika na Mwende kuingizwa ndani, alipangusa mikono kwenye suruali, akanikaribia hata nikahisi harufu ya ngozi mdomoni. "Umeona?" alisema kwa sauti ya chini. "Sasa umenisalimia." Kuanzia siku ile mpaka shule zilipofungwa nilimsalimia kila siku, njiani, mbele za watu, kwa sababu nisingeweza tena kutomsalimia. Sijui hadi leo alikuwa mtu wa aina gani. Nimesikia watu wakisema kwamba mwenye kukusaidia hawezi kuwa mbaya. Nawaambia waulize vizuri.

Mwende ndiye aliyetunga uongo. Alimwambia daktari msaidizi kwamba aliteleza kwenye mwamba akichota maji, na uongo ule ukashika mpaka wazazi wake wakautumia, mpaka chuo kikautumia kumfutia masomo ya michezo. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Ukifukuzwa kazi utarudi kukaa wapi?" Koplo alikuja kumwona siku ya tatu, akiwa na maembe mawili. Alilitazama lile goti kwa muda mrefu, lilivyovimba na alama ilipokaa, akasema polepole, "Hii si mwamba." Kisha akanitazama, na mimi nikangoja tusi, nikalitamani. Aliuliza tu, "Kichwa ilikuwa wapi?" Hakurudi kufungua stoo kwa ajili yetu, na mwenyekiti alidhani mwishowe sala zake ndizo zilizolivunja lile kundi. Kwa namna fulani hakukosea.

Miaka imekwenda. Mwende aliolewa, akazaa, akafundisha hesabu hadi alipostaafu, na goti lake halikuwahi kupinda tena. Tumebaki marafiki, watu hushangaa jinsi tulivyo marafiki. Lakini tangu mwaka ule hajawahi kunikaribia bila kuniita kwanza, kutoka mbali, mara mbili. Kwenye harusi yangu aliita hivyo. Hospitalini aliita hivyo kutoka mlango wa wodi mpaka nesi akamnyamazisha. Siku zote niliamini ananihurumia. Niliamini anajua kwamba bado naogopa, na anafuata sheria ya Mama Kasyoka kwa ajili yangu ili nisishtuke. Nilimpenda kwa hilo.

Siku ile ya mazishi alifika kwenye safu yangu akihema, tukashikana mikono, tukaulizana habari za wajukuu. Kiti kilichobaki kilikuwa mbele yangu. Nilimwambia, nusu kwa utani, "Mwende, sisi ni wazee sasa. Acha kuniita mara mbili kama karani wa mahakama. Mimi sishtuki tena." Alicheka kidogo, si kile kicheko chake kikubwa. Alinitazama kama mtu anayepima kama aseme. "Ndinda," alisema, "miaka yote hii ulifikiria nakuita hivyo juu yako?" Nikamuuliza basi ni juu ya nani. "Juu yangu," alisema. "Mimi huyo wa ngozi sikuwahi kumwogopa. Mizimu pia siogopi. Mtu mwenye naogopa ni wewe." Alisema bila hasira, kama anavyosema mtu kwamba hali chumvi siku hizi. Kisha akakivuta kile kiti, na kabla ya kukaa akakigeuza upande kidogo, asije akanipa mgongo.

Nilikaa nikitazama kile kiti kilichopindishwa. Mchungaji alikuwa amefika kwenye sala, watu wote wakainamisha vichwa na kufumba macho. Mimi sikufumba. Niliinuka, nikamshika Mwende kiwiko, nikamketisha ukutani mahali pangu, na mimi nikakaa kwenye kiti chake, nimetazama mbele, mgongo wangu wote kwake. Sala ilikuwa ndefu. Nilisikia mkongojo wake ukiegemezwa ukutani, nikasikia pumzi zake, nikasikia amesogea. Hakuita. Akaniwekea mkono begani, pale pale aliponigusa jioni ile. Nilishtuka mwili mzima, na nikausikia mkono wake nao ukishtuka, lakini hakuuondoa.